Kwa nini bwawa la kuogelea linahitaji brashi hata maji yanapong'aa

Maji ya bwawa la kuogelea yanaweza kung'aa kiasi cha mtu kuhesabu vigae vya chini akiwa amesimama ukingoni, ilhali kuta za bwawa hilohilo zimekwisha kuota utando. Anayeshuka kwenye ngazi huutambua kwa unyayo kabla ya kuuona kwa jicho: kidato cha pili au cha tatu kinateleza. Kipimo cha klorini kinaonyesha kiwango kinachotakiwa, pampu inanguruma kama kawaida, na hakuna hata jani moja linaloelea. Hata hivyo utelezi huo unaeleza jambo ambalo kipimo hakikulisema. Ukutani kuna vijidudu vilivyojishikiza, na dawa iliyomo majini haivifikii.

Kutoka Malindi, Mombasa na Diani nchini Kenya hadi Unguja na Dar es Salaam nchini Tanzania, na bara mpaka Entebbe, Kigali na Bujumbura, mabwawa ya kuogelea hayapatikani tena katika hoteli chache za kifahari peke yake. Shule, vilabu na nyumba za kupangisha kwa siku nazo zinayo, na watoto wengi wa mijini hujifunza kuogelea humo wakati wa likizo. Kazi ya kuyatunza kwa kawaida hukabidhiwa mtu mmoja mwenye wavu wa kuzolea majani, ndoo ya klorini na brashi yenye mpini mrefu. Katika vifaa hivyo vitatu, brashi ndiyo inayosahaulika kwa urahisi zaidi, na sababu yake inaeleweka. Klorini humwagwa kwa dakika chache, na uchafu unaozolewa kwa wavu huonekana na kila mtu. Kusugua kuta na sakafu, kinyume chake, ni kazi ya mikono na mgongo juani, na ikifanywa vizuri hakuna anayeona kilichofanyika.

Mahali ambapo maji hayaendi

Yeyote aliyewahi kuvuka mto kwa miguu anajua kwamba mawe ya mtoni huteleza hata pale mkondo unapokwenda kasi. Maji hayapiti kwa kasi moja kila mahali. Katikati yanakimbia, yanapogusana na jiwe hupunguzwa mwendo na msuguano, na tabaka jembamba kabisa lililo juu ya jiwe karibu linasimama. Bwawa la kuogelea lina hali hiyohiyo, tena kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa sababu mkondo wake wote hutegemea pampu.

Pampu huvuta maji kupitia tundu la chini na midomo ya pembeni, huyapitisha katika chujio, ambalo aghalabu ni la mchanga, kisha huyarudisha kwa mabomba yaliyo ukutani. Mzunguko mmoja wa maji yote huchukua saa kadhaa. Neno "yote" hapa lataka tahadhari. Maji ya katikati yanaweza kupita kwenye chujio mara kadhaa, huku yale yaliyo nyuma ya ngazi, kwenye pembe, chini ya vidato na kandokando ya taa za ndani ya maji yakibaki karibu palepale. Humo ndimo utando unapoanzia.

Bakteria wachache hutua juu ya kigae au saruji, hushika, kisha huanza kutoa ute unaowafunika. Ute huo, unaofanana na mlenda uliopikwa, hunasa vumbi, mafuta ya ngozi na mbegu za mwani zinazoletwa na upepo. Mwani hupata pa kushika na bakteria hupata chakula. Klorini ikiugusa utando haikosi kufanya kazi yake: huua tabaka la juu. Lakini katika kuua huko nayo humalizika, maana kila chembe ya klorini iliyotumika juu ya ute haipo tena kwa ajili ya vijidudu vilivyo chini yake. Na kwa vile maji mapya yenye dawa hufika polepole mno katika tabaka lile lililotulia, utando huweza kujijenga upya kabla dawa haijapenya ndani.

Hesabu ndogo yasaidia kuona ukubwa wa jambo lenyewe. Bwawa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5 hubeba lita 75,000 za maji. Sakafu na kuta zake kwa pamoja zina eneo la mita za mraba 95. Utando wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambao jicho haliutambui kwa urahisi, ukienea kote humo hufikia ujazo wa lita tisa na nusu. Hiyo ni karibu nusu ndoo ya ulenda ulio hai, umepakwa kwa wembamba mahali ambapo wavu hauzoi na pampu haivuti.

Brashi huupasua ute huo na kuusukuma katikati ya maji. Vijidudu vilivyokuwa vimefunikwa huachwa wazi, klorini huvikuta vikielea, na mabaki yake hufuata mkondo hadi kwenye chujio. Ndiyo maana bwawa lililosuguliwa baada ya kuachwa kwa siku nyingi huonekana limechafuka kwa saa chache. Mwenye hoteli asiyeelewa jambo hili huweza kumlaumu mfanyakazi kwa kuyavuruga maji yaliyokuwa safi, hali uchafu huo ulikuwamo tangu awali, ukutani.

Klorini na saa zake

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kimechapisha makadirio ya muda ambao klorini huhitaji ili kuua vijidudu mbalimbali katika maji yenye miligramu 1 ya klorini kwa lita, pH ya 7.5 na joto la nyuzi 25. Bakteria aina ya E. coli O157:H7, wanaosababisha kuhara damu, hufa kwa chini ya dakika moja. Virusi vya homa ya ini aina ya A huhitaji dakika 16 hivi, na kimelea cha Giardia dakika 45. Kriptosporidi, kimelea kinacholeta kuhara kwa siku nyingi, huvumilia dakika 15,300, yaani zaidi ya siku kumi.

Makadirio hayo yanahusu vijidudu vinavyoelea, ambavyo dawa huvizunguka pande zote. Bakteria aliyemo ndani ya ute yuko katika hali nyingine kabisa, na namba ya dakika moja haimhusu.

Tena nguvu ya klorini hutegemea uchachu wa maji. Ikiingia majini, klorini hugawanyika katika sura mbili: moja yenye nguvu kubwa ya kuua, nyingine dhaifu. Katika pH ya 7.5 sura hizo mbili hukaribiana nusu kwa nusu. pH ikipanda hadi 8, sehemu yenye nguvu hushuka na kubaki karibu robo tu, ingawa kipimo cha kawaida bado kitaonyesha kiasi kilekile cha klorini. CDC hupendekeza pH iwe kati ya 7.0 na 7.8, na klorini isipungue miligramu 1 kwa lita, au 2 pale inapotumiwa ile inayochanganywa na asidi ya sianuriki ili isiharibiwe na jua. Bwawa lenye pH ya juu na kuta zisizosuguliwa lina kasoro mbili zinazosaidiana: dawa ni dhaifu, na inachopaswa kuua kimejificha.

Mwaka 2018 kituo hicho kilitoa ripoti kuhusu milipuko ya magonjwa iliyohusishwa na maji yaliyotiwa dawa katika mabwawa ya kuogelea, mabeseni ya maji moto na viwanja vya michezo ya maji nchini Marekani kati ya mwaka 2000 na 2014. Milipuko 493 iliripotiwa. Watu 27,219 waliugua na wanane walifariki. Takriban thuluthi moja ya milipuko hiyo ilihusishwa na hoteli. Pale ambapo kijidudu kilithibitishwa, kriptosporidi iliongoza kwa asilimia 58, ikifuatiwa na Legionella kwa asilimia 16 na Pseudomonas kwa asilimia 13.

Yafaa kusema wazi kwamba brashi haimkingi mtu na kriptosporidi. Kimelea hicho huingia bwawani na mwogeleaji mwenye kuhara, na dawa yake ni kumzuia mgonjwa asiingie majini. Legionella na Pseudomonas ni habari nyingine, kwa maana bakteria hao wawili huishi na kustawi ndani ya utando. Pseudomonas huleta vipele vya ngozi vinavyowasha, hasa sehemu zilizofunikwa na nguo ya kuogelea, pamoja na maumivu ya sikio ambayo wazazi wengi huyaita "maji yameingia sikioni". Legionella husababisha aina kali ya homa ya mapafu kwa njia ya mvuke na matone madogo yanayovutwa na pumzi, na kwa hiyo hatari yake ni kubwa zaidi kwenye mabeseni ya maji moto yenye mapovu. Katika vifo vinane vilivyotajwa, visivyopungua sita vilitokea katika milipuko ya bakteria huyo. Ndiyo maana maelekezo ya kusafisha mabeseni hayo husisitiza kusugua kuta zote kabla ya kujaza maji upya na kutia dawa.

Siku nne za Rio de Janeiro

Kasi ambayo mwani hushika bwawa ilionekana mbele ya ulimwengu mzima mwezi Agosti mwaka 2016, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro. Tarehe 9 Agosti, watazamaji wa mashindano ya kupiga mbizi katika kituo cha Maria Lenk waliona maji yaliyokuwa ya buluu siku iliyotangulia yamegeuka kijani. Bwawa la jirani, lililotumiwa kwa mchezo wa polo ya majini, nalo likafuata.

Maelezo yalibadilika kwa siku kadhaa, kabla waandaaji hawajatoa sababu iliyokubalika: tarehe 5 Agosti, siku ya sherehe za ufunguzi, mkandarasi alikuwa amemwaga lita 80 za haidrojeni peroksaidi katika mabwawa hayo. Kemikali hiyo nayo hutumika kusafisha maji, lakini ikikutana na klorini huivunja nguvu. Mitambo ya kupimia iliendelea kuonyesha kwamba klorini ipo, kumbe haikuwa na nguvu tena ya kuzuia mwani. Siku nne zilitosha.

Katika bwawa la pili, ambalo lilihitajika kwa mashindano ya kuogelea kwa mitindo, ambapo wachezaji na waamuzi hulazimika kuona chini ya maji, waandaaji waliamua kuyatoa maji yote, zaidi ya lita milioni 3.7, na kujaza mengine kutoka bwawa la mazoezi. Hakukuwa na muda wa kungoja dawa.

Tukio la Rio halikuwa la uzembe wa brashi. Lakini linaonyesha mambo mawili ambayo mtunza bwawa wa Nungwi au Bamburi hukutana nayo kila wiki: mwani haungoji, na kipimo cha dawa chaweza kutoa jibu la kutia moyo huku maji yenyewe yakielekea kwingine.

Jua, masika na mawe ya matumbawe

Bwawa la pwani ya Afrika Mashariki liko katika mazingira ambayo mwani ungeyachagua wenyewe kama ungepewa nafasi ya kuchagua. Jua huwaka karibu saa kumi na mbili kwa siku mwaka mzima, na maji ya bwawa lisilo na kivuli hubaki na joto usiku kucha. Jua hilohilo huivunja klorini isiyo na kinga, na kiwango kilichowekwa asubuhi kinaweza kupungua sana kabla ya adhuhuri. Kwa sababu hiyo wengi hutia dawa jioni, na wanafanya vyema.

Masika yanapoanza, kila manyunyu huosha vumbi la paa, kinyesi cha ndege na mbolea ya bustani kuelekea bwawani, na pamoja navyo chakula cha mwani. Mivinje iliyopandwa ufukweni hudondosha vijiti vyake vyembamba ambavyo hupenya kwenye nyavu na kuzama pembeni. Bara, udongo mwekundu wa Kampala huacha tope laini sakafuni ambalo hugeuka kuwa makazi ya utando lisipoondolewa. Katika miji iliyo kando ya Ziwa Victoria kama Entebbe, Kisumu na Mwanza, makundi ya wadudu wa ziwani hufika kama moshi, na asubuhi inayofuata uso wa bwawa huwa umejaa mizoga yao midogo. Nairobi na Kigali, kwa baridi yao ya usiku, hupewa nafuu kidogo. Mwani huko hukawia, ingawa hauachi kuja.

Pwani ina shida ya pili ambayo haitokani na kiumbe hai. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni mawe ya matumbawe, na maji ya visima yanayopita katika mawe hayo hubeba chokaa nyingi. Maji hayo magumu, ambayo akina mama huyajua kwa sabuni isiyotoa povu na birika lenye gamba jeupe ndani, huingizwa bwawani kila siku kufidia yanayokauka kwa jua. Maji hukauka, chokaa hubaki. Kidogo kidogo gamba jeupe hujijenga kwenye vigae, hasa katika mstari wa maji. Gamba hilo ni la kukwaruza, lenye vishimo vidogo visivyohesabika, na utando hushika vizuri zaidi juu yake kuliko juu ya kigae laini. Likisuguliwa lingali changa hutoka kwa brashi ya kawaida. Likiachwa miezi, huhitaji asidi au jiwe la kusugulia, na wakati mwingine kigae chenyewe huharibika.

Katika mstari huohuo wa maji ndimo mafuta ya kujikinga na jua yanamokusanyika. Mafuta huelea, upepo huyasukuma upande mmoja, nayo hupaka vigae mkanda wa rangi ya kahawia. Mwenye kutaka kujua kama bwawa la hoteli hutunzwa apitishe kidole hapo kabla ya kuuliza lolote.

Mkono, mpini na mwelekeo

Brashi yenyewe hutofautiana kwa kazi. Nywele za nailoni hufaa kwa vigae, plastiki na faibagilasi, kwa kuwa hazikwaruzi. Kuta za saruji au lipu isiyo na vigae huvumilia waya, lakini uwe wa chuma kisichoshika kutu. Waya wa kawaida huacha vipande vidogo ambavyo huzama, hupata kutu na kuchora madoa mekundu sakafuni ambayo ni taabu kuyaondoa kuliko mwani wenyewe.

Mwani nao una tabia zake. Ule wa kijani huelea na kuyageuza maji rangi, na ndio rahisi kuuondoa. Wa manjano hupenda ukuta wenye kivuli. Ukisuguliwa hutawanyika kama vumbi, kisha hurudi palepale siku mbili baadaye ikiwa dawa haikuongezwa. Ule unaoitwa mweusi, ambao kwa hakika ni jamii ya bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, hujichimbia katika vishimo vya saruji na kujifunika kwa tabaka gumu. Klorini ikimwagwa juu yake huishia kwenye kifuniko. Hapo brashi ya waya haina mbadala: kifuniko kipasuliwe kwanza, dawa ifuate mara moja, na kazi irudiwe kwa siku kadhaa, kwa maana mizizi iliyobaki huchipua tena.

Namna ya kusugua ina mantiki yake. Huanza kwenye mstari wa maji na kushuka, kisha kutoka upande wa maji haba kwenda kwenye kina, ili kinachong'oka kisukumwe kuelekea tundu la chini. Kila mpito wa brashi hulalia kidogo ule uliotangulia, kama mtu anayepaka rangi. Mwendo huwa wa polepole, kwa sababu brashi ikiendeshwa haraka huinuka na kuelea badala ya kukandamiza ukuta. Pampu iwe inafanya kazi wakati wote huo na kwa saa kadhaa baadaye, vinginevyo kilichong'olewa hutua tena. Sehemu zinazostahili muda mrefu zaidi ni zile zinazosahaulika: nyuma ya ngazi ya chuma, pembe za vidato, kingo za taa, viungo vya vigae na midomo ya pembeni inayofyonza uchafu wa juu.

Kwa bwawa la nyumbani linalotumika kidogo, kusugua mara moja kwa wiki ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa kawaida. Katika joto la pwani na bwawa lenye wageni kila siku, mara mbili au tatu ndiyo busara, na mstari wa maji kila asubuhi. Bwawa jipya la lipu lina sharti lake: katika wiki mbili za kwanza hivi husuguliwa kila siku, hata mara mbili, kwa sababu saruji changa hutoa unga wa chokaa ambao ukiachwa hugandamana juu ya lipu na kuiharibu sura kwa muda wote wa maisha yake. Mafundi wengi humkabidhi mwenye nyumba funguo bila kumwambia hilo.

Roboti za kusafisha sakafu, ambazo sasa huonekana katika hoteli kubwa, hupunguza kazi lakini haziimalizi. Nyingi huishia pale vidato vinapoanza.

Chini ambako hakuonekani

Utando ulioachwa hauishii kuwa utelezi. Hukua, hukatika vipande vipande na kuyafanya maji yawe na ukungu, na hapo ndipo suala la brashi linapogusa uhai moja kwa moja. Mwezi Juni mwaka 2011, katika bwawa la umma la mji wa Fall River, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwanamke mwenye umri wa miaka 36 alizama. Maji yalikuwa na ukungu kiasi kwamba hakuna aliyemwona. Bwawa liliendelea kufunguliwa na watu kuogelea humo, na mwili wake uligunduliwa siku mbili baadaye.

Kanuni inayofuatwa katika usimamizi wa mabwawa ni rahisi: ikiwa mtu aliyesimama ukingoni haoni waziwazi tundu la chini katika kina kirefu, bwawa hufungwa. Mwokoaji hawezi kumfikia asiyemwona. Katika eneo ambalo mabwawa mengi ya hoteli ndogo na nyumba za kupangisha hayana mwokoaji kabisa, na anayemwangalia mtoto ni mzazi aliye kwenye kiti pembeni, uwezo wa kuona sakafu una uzito zaidi.

Kuna pia majeraha ambayo hayafiki kwenye habari. Mtoto anayekimbia kupanda vidato vyenye ute huangukia ukingo wa saruji kwa kidevu au meno, na mzee anayeshuka polepole akishika chuma huponyokwa na mguu.

Ndoo elfu tatu na mia saba

Bwawa lililozidiwa na mwani hufikia hatua ambayo mwenyewe huamua kulimwaga. Kwa lita 75,000 zilizotajwa awali, hiyo ni sawa na ndoo 3,750 za lita 20. Mombasa, ambayo sehemu ya maji yake husafirishwa kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima zilizo ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, imezoea mgao. Na Unguja hutegemea kwa kiasi kikubwa maji yaliyo chini ya ardhi, ambayo wakazi wa vijijini na hoteli huyagombea. Kumwaga bwawa kwa sababu kuta hazikusuguliwa ni hasara isiyomhusu mwenye bwawa peke yake.

Isitoshe, kumwaga kuna hatari ambayo wengi hawaitarajii. Bwawa lililochimbwa ardhini hukaa mahali pake kwa uzito wa maji yaliyomo. Likiachwa tupu wakati wa masika, maji ya chini ya ardhi yakiwa yamepanda, husukumwa kwenda juu kama mtumbwi; saruji hupasuka, mabomba hukatika, na ukarabati wake huweza kukaribia gharama ya kujenga upya. Na bwawa lililotelekezwa likiwa na maji mabovu huwa mazalio ya mbu. Wataalamu wa California walilieleza jambo hilo baada ya mwaka 2007, pale nyumba nyingi za mji wa Bakersfield zilipoachwa na wenye madeni, mabwawa yake yakageuka kijani, na maambukizi ya virusi vya West Nile yakaongezeka katika eneo hilo.

Anayefanya kazi hii kila siku naye anahitaji kukingwa. Glavu na miwani hutakiwa wakati wa kushika dawa, na klorini haichanganywi kamwe na asidi ya kuondolea gamba, hata kwenye ndoo iliyosuuzwa kwa haraka, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu inayochoma mapafu. Poda ya klorini hutiwa katika maji. Maji hayamwagwi juu ya poda.

Baada ya kusugua, klorini hupimwa mara ya pili. Ikiwa imeshuka sana kuliko ilivyokuwa asubuhi, ukuta ulikuwa na utando mwingi kuliko ulivyoonekana. Dawa huongezwa jioni jua likizama, pampu huachwa ikifanya kazi usiku, na chujio huoshwa kesho yake, kwa maana kilichokuwa ukutani sasa kimo ndani ya mchanga wake.